Picha ya zamani ya madini: ya kweli au nakala?

Mzee wa Upanga: Wakuu, picha ya fuwele inauzwa kama ya James Sowerby, mchoraji wa Uingereza aliyechapisha picha za madini, 1802–1817. Naitambuaje, na naitunzaje kwa unyevu huu wa Dar?

Lenzi10: Mkuu, tumia lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vidoti vidogo vimepangika sawasawa, ni nakala ya mashine. Za Sowerby zilichongwa kwenye bamba la shaba, zikapakwa rangi kwa mkono: mistari ni ya wino mtupu, na rangi huvuka mstari hapa na pale. Raha ya kuitazama iko hapo! Tafuta pia mfinyo wa bamba, yaani alama ya karatasi kubonyea pale bamba lilipokandamizwa, kuzunguka picha. Ila kingo za karatasi zikikatwa mfinyo hupotea, usiikatae picha kwa hilo tu.

Bi Karatasi: Adui wa Dar ni koga. Picha isiguse kioo. Weka fremu ya kadi isiyo na asidi katikati, maana kioo kikitoa jasho rangi hunata. Selotepu marufuku, gundi yake hupenya karatasi. Madoa ya kahawia usiyaguse kwa jiki, huozesha nyuzi.

Mzee wa Upanga: Hadibodi ya nyuma je?

Bi Karatasi: Itoe, ina asidi. Na usitundike panapopigwa na jua.