Testosteroni yangu imesoma chini, nianze sindano?

Baba Nayrah: Habarini wakuu. Nina miaka 34, nauza spea Gerezani. Binti yetu wa kwanza ana miezi mitano. Mke wangu ni nesi, sasa amerudi kwenye zamu za usiku, kwa hiyo usiku mtoto ni wangu. Tangu hapo sina hamu ya tendo na nachoka sana. Jumatano saa kumi jioni, nikitoka kula, nikapita maabara kupima testosteroni, ile homoni ya kiume. Imesoma nanomoli 8.1 kwa lita, na karatasi yao inasema kawaida inaanzia 8.6. Muuzaji wa duka la dawa anataka nianze sindano za testosteroni, moja kila wiki mbili. Kaka zangu wanasema nimelegea kwa sababu nabeba mtoto kama yaya. Tunataka mtoto wa pili mwakani. Mwenye ujuzi anisaidie.

Mpiga Mbizi wa Tanga: Mkuu, supu ya pweza na karanga mbichi, wiki mbili tu. Sindano achana nazo.

Mtu wa Maabara: Mdogo wangu, nimekaa maabara miaka 16, kwa hiyo naanza na saa uliyotolewa damu. Kwa kijana, testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda, na chakula nacho huishusha. Ndiyo maana damu hutolewa asubuhi, kabla ya saa nne, hujala kitu, na ikisoma chini unarudia siku nyingine. Wewe umepimwa jioni, umeshiba, mara moja. Inaniuma sana mtu anapoanzishiwa dawa kwa karatasi kama hiyo.

Halafu usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya kwa saa tano tu kila usiku, wiki nzima. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe unalala saa ngapi?

Kuhusu kaka zako, hapo nina neno, maana nimekulia Mang'ola na vitunguu vya Mang'ola ndivyo vilivyonisomesha. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliopima mate ya wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga, watu wanaoishi jirani kabisa pale Ziwa Eyasi. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hakukuwa na tofauti. Sisi tuliokulia pale tunajua kwa nini: baba wa Kihadzabe hubeba mtoto na hulala naye, ila kwa Wadatoga mtoto mchanga ni shughuli ya wanawake. Kule Cebu, Ufilipino, walifuatilia wanaume 624 kwa miaka kama minne na nusu. Waliopata watoto ndio walioshuka zaidi, na waliokaa na watoto saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa chini kuliko akina baba wasioshika mtoto kabisa. Mwili wa baba ndivyo unavyojipanga. Nimewaona Wahadzabe wakirudi na nyani waliyempiga kwa upinde, kisha wanapokea watoto mikononi. Sijui nani angewaita wamelegea.

Sasa sindano, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu unataka mtoto. Korodani hufanya kazi kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ukiingiza testosteroni ya nje, tezi inaona imetosha, inanyamaza, na korodani zinapunguza sana kutengeneza mbegu au zinaacha kabisa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1990 majaribio ya sindano hizo, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya UZAZI WA MPANGO kwa wanaume. Kati ya wanaume 271, 157 walifika kiwango cha kutokuwa na mbegu hata moja. Huyo muuzaji alikuuliza kama unataka mtoto?

Kijana wa Nyakato: Mimi nilichoma sindano hizo miezi saba ili nitanue kifua. Kifua kilikuja. Tulipotafuta mtoto, kipimo cha manii kikasoma sifuri. Niliacha, na mbegu zilichukua mwaka na miezi miwili kurudi. Mke wangu alikuwa ameshaanza kulaumiwa na mama yangu, na mimi nilikuwa kimya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baba Nayrah: Wakuu nimerudi. Dada wa mke wangu alikuja akalala na mtoto siku nne, nami nikalala. Jumamosi nikatoa damu saa moja na nusu asubuhi, sijala. Imesoma 14.2. Sindano sikununua. Hamu bado kidogo, lakini uchovu umepungua.

Mtu wa Maabara: 14.2 ni nzuri. Hamu isiporudi mtoto atakapoanza kulala usiku, nenda kwa daktari, akupime sukari, presha na wingi wa damu, na mwambie pia kama una mawazo mengi. Na huyo shemeji yako, mwombe awe anakuja hata mara moja kwa wiki.