Tupeane uzoefu: kazi ya data huko ulikoajiriwa ikoje hasa?

Kijana wa Ripoti: Wakuu, mdogo wangu kamaliza chuo na anaamini kazi ya data ni kushinda na Python, lugha ya kuandikia programu, ukifundisha mashine. Walio jikoni semeni mnachofanya Jumatatu hadi Ijumaa. Majina ya kampuni yabaki kapuni.

Naanza. Niko benki, mwaka wa nne. Mkataba unasema mwanasayansi wa data, bosi ananiita kijana wa ripoti. Namba ya simu inayoanza na 07 ikipita Excel inapoteza sifuri, kwingine imeandikwa kwa 255, basi mteja mmoja anageuka watu watatu. Na wateja kibao wamezaliwa tarehe 1 Januari! Wakala alijaza tu ili fomu ipite. Modeli, yaani programu ya kubashiri kutokana na data, niliyoihangaikia miezi mitatu ipo kwenye kompyuta yangu mpaka leo, hakuna aliyeiuliza.

Mama Wawili: Mimi ni mradi wa afya mikoani. Wadadisi walijaza kwenye vishikwambi muda mama alipofika kliniki. Nachora grafu, naona kinamama wanafurika saa nane usiku. Nikaanza kuandika maelezo ya kitaalamu, eti umbali wa vijiji. Kumbe mama kasema saa mbili asubuhi, mdadisi kaandika 2:00, mashine ikasoma kizungu. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikafuta kurasa mbili.

Jirani wa Nairobi: Kwetu ni mikopo ya simu, modeli inaamua kweli, ndiyo maana usingizi hakuna. Mtu anakopa kwa wenzetu atulipe sisi. Kwenye data yetu anaonekana mlipaji hodari, anaongezewa kiwango. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni za Benki Kuu za 2022, wanasheria tunakaa nao meza moja. Vigezo kadhaa nilivyovipenda vilifutwa. Kusema ukweli, vingine vilikuwa umbea mtupu.

Kasuku: Usaili waliniuliza mitandao ya neva, zile programu zinazojifunza kwa kuiga ubongo, nikatiririka. Siku ya kwanza kazini nikaulizwa printa ya ghorofa ya pili ina nini.

Kijana wa Ripoti: 😂 Kasuku pole. Dogo nimemwambia aanze na SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata. Mama Wawili, zile saa ulizitengeneza vipi? Uliongeza sita zote?

Mama Wawili: Ningeharibu. Wapo wadadisi waliojaza kizungu tangu mwanzo. Niliwapigia mmoja mmoja, siku nne, vocha yangu mwenyewe.