Laki saba ya tovuti, na bado kubadilisha bei ya dagaa mpaka nimpigie fundi magoti

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za "natafuta fundi wa tovuti". Mimi sitafuti. Nilishampata, na ndiye aliyenifikisha hapa.

Nauza dagaa wa Kigoma kwa jumla na rejareja. Nachukua mzigo mwaloni Kibirizi, tunachambua, tunafunga, natuma kwa basi Dar, Dodoma, mpaka Mbeya. Asiyeijua biashara hii ajue jambo moja: bei haitulii. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, mzigo unakata, bei inaruka. Giza likirudi inashuka. Kwa hiyo mwaka 2023 nilipompa kijana kazi ya tovuti nilimwambia sharti moja tu, mke wangu akiwa amekaa hapo hapo anasikia: nataka niwe nabadilisha bei mwenyewe. Akanijibu, "Hilo ondoa shaka mzee wangu." Akachukua laki saba. Mwezi wa tisa akakabidhi.

Ilikuwa nzuri, nisimnyime haki yake. Picha ya ziwa inasogea, maandishi yanaingia yakicheza kama bi harusi. Nilionyesha mpaka waumini wenzangu.

Bei ikapanda. Nikaingia kwa ndani ili nibadilishe. Nakuta orodha ya makala: Kuhusu Sisi, Usafirishaji, Mawasiliano. Bei hakuna. Nafungua tovuti kwa mbele, naiona kwa macho yangu, sh. 25,000 kwa kilo, kubwa kama bango la mgombea. Narudi ndani, haipo. Nikahangaika usiku ule kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Aliyenitoa gizani ni binti wa dada yangu alipokuja likizo. Kumbe mfumo ni Joomla, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, na kwenye Joomla kile unachokiona ukurasa wa mbele kinaweza kuwa kimetoka sehemu tofauti kabisa. Kuna makala, zinakaa kwenye kategoria zake. Kuna vipengele vya menyu, ambavyo ndivyo vinaelekeza nini kionekane ukibonyeza wapi. Halafu kuna moduli, visanduku vinavyobandikwa juu, chini na pembeni. Bei yangu fundi aliiweka kwenye moduli. Na akaunti aliyonipa ni ya daraja la Meneja. Nilivyoona "Meneja" nikajua nimeheshimiwa! Kwa mipangilio ya kawaida Meneja anagusa makala, moduli hata hazioni. Juu yake kuna Administreta, na juu kabisa Supa Yuza. Huyo Supa Yuza ni nani? Dogo.

Basi nikasema angalau nirekebishe namba ya simu kwenye Kuhusu Sisi. Nayo ina kufuli. Joomla mtu akifungua makala kuihariri, inafungwa kwa jina lake ili wengine wasiivuruge, mpaka aihifadhi na kutoka. Yeye alifunga dirisha la kompyuta akaondoka zake. Kufuli likabaki na jina lake, na Meneja hana ufunguo.

Sasa sikieni kilichoniuma. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu mwalo umekaa kama uwanja wa mpira siku ambayo hakuna mechi. Tovuti yangu je? "Mzigo mpya kila siku, agiza leo, 25,000." Watu wanaagiza! Mama mmoja wa Dodoma alituma hela ya kilo arobaini kabla hata hajanipigia. Nilichokuwa nacho ni akiba kidogo ya stoo, na wakati huo kwa bei ile usingepata hata kwa kuazima. Nikamrudishia hela yake, makato ya kutuma nikayabeba mimi, na bado akaniita tapeli. Mimi, tapeli!

Nampigia fundi. Hapatikani. Siku ya nne anapokea: "Mzee wangu niko saiti, kila badiliko ni elfu hamsini." Elfu hamsini kufuta sentensi moja.

Halafu kinachochekesha, kama bado nina nguvu za kucheka: jina Joomla limetoka kwenye neno letu, jumla. Mwaka 2005 watu walijitenga na programu iliyokuwa inaitwa Mambo, wakachukua neno la Kiswahili wakaliandika kizungu. Yaani mimi muuza jumla nimefungiwa nje na Jumla.

Najua wataalamu wa humu mmeshaanza kuandika "ungetumia WordPress", programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Nimeijaribu. Binti alinifungulia ya majaribio, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeandika ukurasa na kubadilisha bei mara tatu bila kumuuliza. Ni rahisi, nakubali. Lakini msinipambie. Waliozoea sehemu yake ya zamani ya kuandikia walivurugwa Desemba 2018 toleo la 5.0 lilipoleta vibloku, yaani kila aya au picha kisanduku chake, wengine mpaka leo wanaweka plagini, kiprogramu cha nyongeza, ya kuwarudisha kulekule. Na rafiki yangu wa Mwanga ana WordPress, ila fundi wake alijaza plagini ya kupanga kurasa, bei iko ndani ya kisanduku ndani ya kisanduku. Aligusa kimoja, ukurasa mzima ukalala upande. Kuhusu Drupal, mwenzao wa tatu, hata msinieleze, ile ni ya wenye idara ya kompyuta.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauko na Joomla. Ni na fundi anayechagua kile anachokijua yeye, anaweka kitu mahali kinapomrahisishia yeye, halafu anamkabidhi mteja jina la Meneja na tabasamu. Hakunikalisha hata nusu saa kunionyesha. Hakuniachia hata karatasi.

Na kuna wale wa "jifunze, mzee, ujuzi hauzeeki". Nimejifunza! Nimejifunza mpaka nikagundua alichoniwekea ni Joomla 3, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 17 Agosti 2023. Mimi nimekabidhiwa Septemba. Binti anasema kwenda toleo la 4 inabidi na kiolezo, yaani ule muonekano wa tovuti, kibadilishwe, maana hiki hakikutengenezwa kwa ajili yake. Yaani ziwa linalosogea ndilo linalonizuia.

Dogo, kama unasoma humu, na najua unasoma: nitumie paswedi ya Supa Yuza na ya hosti, kule tovuti inakohifadhiwa. Sikuombi urudishe hela.

Wengine mnaotaka bei ya leo, angalieni status yangu ya WhatsApp. Ile kwenye tovuti achaneni nayo, bado ni 25,000.