Mwenye nyumba, mpwa wako si fundi bomba! Bili hii ya maji silipi

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nimepanga Tabata, kodi nalipa miezi sita kwa mkupuo na sijawahi kuchelewa. Bomba la PPR, yale ya plastiki ya kijani, nyuma ya sinki la jikoni likaanza kuvuja kwenye elbo, kile kiungo cha kona, maji yanachuruzika ukutani mpaka rangi inabanduka. Nikampigia baba mwenye nyumba, nikamwambia mzee, hapa anatakiwa fundi mwenye mashine, nipo tayari hata kumtafuta mwenyewe. Akakataa katakata. "Fundi wa nini mama, mpwa wangu yupo, anajua kila kitu."

Mpwa akaja na msumeno wa chuma, praizi na kopo la gundi ya PVC. Mnaojua mabomba mmeshaelewa kilichofuata.

Gundi ya PVC haishiki kwenye PPR. Haishiki hata umalize kopo zima! Kazi yake ni kulainisha PVC juu juu ili vipande viwili vigandane, sasa PPR ni plastiki nyingine kabisa, hailainiki kwa gundi hiyo. PPR inaunganishwa kwa moto: mashine inapashwa hadi nyuzi 260, bomba na elbo vinaingizwa kwa pamoja, kwa bomba la milimita 20 sekunde 5 zinatosha, unavitoa na kuvisukuma moja kwa moja bila kuvizungusha. Vikipoa vimekuwa kitu kimoja. Hayo nilimwambia pale pale jikoni. Akanijibu, "Dada tulia, hizi nimeshafanya sana."

Akakata bomba la kijani, akachomeka elbo ya kijivu ya PVC, akapaka gundi mpaka ikadondoka sakafuni, akazungushia mpira wa tairi la baiskeli na kukaza kwa waya. Kufungua maji sasa. Koki kuu pale kwenye mita ilikuwa ngumu kwa kutu, yeye akaing'ang'ania na praizi mpaka mti wake wa kuzungushia ukakatika, koki ikabaki wazi. "Hiyo mzee atabadilisha siku nyingine." Na nauli nikaambiwa nimpe mimi.

Mchana maji yalionekana yametulia. Lakini sote tunajua mitaa yetu: mchana kila mtu anachota, presha iko chini. Usiku watu wakilala presha inapanda. Elbo ikachomoka usiku wa manane, tumelala. Nimeamka kwenda kumtazama mtoto nikakanyaga maji kwenye korido. Jikoni yanaruka kutoka ukutani hadi kwenye kabati la upande wa pili, na ekstensheni ya friji ipo chini sakafuni, maji yamebakiza kama shibiri moja kuifikia. Nikakimbilia swichi kuu ya umeme kwanza. Angetangulia mtoto je? Mzee mwenye nyumba, hilo umelifikiria hata kidogo?

Koki haifungiki. Nimeziba kwa kitambaa, nimebana kwa mkono, maji yanapita tu, mpaka asubuhi alipopatikana fundi wa kweli. Gunia la mchele wa Kyela limelowa lote. Makabati yamevimba chini, milango haifungi. Jirani wa nyuma naye maji yalimwingilia.

Huyo fundi alibadilisha koki, akapasha mashine, akaunga elbo ya PPR ambayo bei yake haifiki soda mbili. Chai niliyomwekea haikuwa hata imepoa. Na kabla ya kuondoka alifungua maji akakaa anaitazama ile elbo, akaipapasa kwa kidole kuona kama ina unyevu.

Sasa bili. Mwezi wa kawaida kwangu ni uniti 9 au 10. Mwezi huu 27! Uniti moja ni lita 1,000, hesabuni wenyewe yaliyomwagika, kuanzia siku nilizoambiwa nisubiri mpwa apate nafasi. Nimempelekea mzee, ananijibu bila haya kwamba bili ni ya mpangaji kwa sababu maji yametumika ndani kwangu. Yametumika? Nani aliyatumia?

Kijana simlaumu kama ninavyomlaumu mjomba wake. Ametumwa. Ingawa naye angesema tu "hii siijui", nisingemdharau hata kidogo. Kama kweli anaupenda ufundi, VETA wanafundisha ufundi bomba, na hata waliojifunzia mtaani wana utaratibu wa kupimwa ujuzi wao na kupewa cheti. Ampeleke huko. Jikoni kwangu asimlete kujifunzia. Hawa wenye nyumba gari lao hawampi mpwa alifungue injini, ila nyumba tunayolala na watoto wetu wanaona yeyote anaweza kuikata.

Msimamo wangu ni huu: nalipa uniti 10. Zilizobaki 17, ya fundi na ya koki nakata kwenye kodi ijayo, risiti ninazo, picha za ile elbo na mpira wake ninazo. Mzee akikataa, twende ofisi ya serikali ya mtaa na mpwa awepo, aeleze mbele ya mwenyekiti alichokifanya kwenye lile bomba.

Kama kuna aliyewahi kukatana bili na mwenye nyumba kwa namna hii, aniambie mlimalizanaje. Kodi yangu inaisha mwezi ujao.