Faili la The Sims 4 limeharibika na nina siku 4 tu, naomba msaada

Mtemani_77
Assalamu alaykum jamaa. Niko Wete. Kuna sevu (mchezo uliohifadhiwa) ya The Sims 4, ule mchezo wa kompyuta wa kulea familia za kubuni, kwenye laptopu, imechezwa miaka 3, ukoo mmoja tangu mtu wa mwanzo mpaka vitukuu. Ijumaa usiku umeme ulikatika mchezo uko wazi, na tangu hapo ukoo ule hauonekani. Nikitaka kuendelea napewa mchezo mpya tu. Nshazima nikawasha, nshauondoa mchezo nikauweka upya (bando la wiki nzima limeteketea), bado. Naomba mtu anielekeze kabla ya Alkhamisi. Naomba sana, kwangu hili si jambo dogo.

AsminiKavu
Wa alaykum salaam. Pole yakhe, uchungu wake naujua. Mie nilikuwa na The Sims 3, na ile mji ukishakuwa mzito inakutolea Error 12 wakati wa kusevu, kumbukumbu ya kompyuta imejaa. Dawa ni kusevu kwa jina jipya kila mara. Na kwenye folda ya Saves utaona nakala ina neno .backup mwishoni. Iondoe ile mbovu, ulifute hilo neno .backup, ufungue. Mji wangu wa Riverview niliufufua hivyo mara mbili.

Mtemani_77
Ahsante dada, lakini huu ni wa 4. Sioni .backup popote.

Babu_wa_Kikwajuni
Umeme usikie tu, mwanangu. Mwaka 2008, mwezi wa tano, umeme unaotoka bara ulikatika, Unguja tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Hatujapumua vizuri, Disemba 2009 tena, mpaka Machi 2010! Wakati ule nilikuwa na kiduka cha kuchapa pale Mlandege, kompyuta 2 na mashine ya kutolea kopi. Nikakopa nikanunua jenereta la mtumba, likawa linapanda na kushuka, likaniunguzia diski yenye kadi za harusi za watu. Bibi harusi mmoja alikuja akakaa kwenye benchi langu analia, na mie sina la kumwambia. Nyinyi Pemba mkitumia majenereta yenu ya Wesha, mkituonea huruma. Nunua stabilaiza.

BintiMkunazini
Babu, jenereta tuliweke pembeni kidogo.

Mtemani, The Sims 4 huweka akiba yenyewe. Fungua Documents, kisha Electronic Arts, kisha The Sims 4, kisha saves. Kila sevu ina faili lake kubwa, mfano Slot_00000002.save, na pembeni yake ndugu zake watano, .save.ver0 mpaka .save.ver4. Ver0 ndiyo ya karibuni kabisa, ver4 ndiyo ya zamani. Kabla hujagusa kitu, nakili folda yote uiweke mahali pengine. Kisha ndani ya mchezo, pale pa kufungua sevu, pana sehemu ya kurejesha matoleo ya nyuma. Ikikataa, lihamishe lile bovu, chukua ver0 ulipe jina Slot_00000002.save. Basi.

Umeme ukikatika katikati ya kusevu, kwa kawaida linaumia faili lile moja tu, hao watano wanabaki. Unaona nini humo? Nataka majina na ukubwa.

Mtemani_77
Naona moja tu. Slot_00000002.save, KB 0. Hizo ver hakuna hata moja.

BintiMkunazini
Hapo pana kitu. Umeme haufuti mafaili matano. Na kwani laptopu haina betri?

Mtemani_77
Betri ilishakufa zamani.

Mwl_Konde
Mimi nitasema ambalo wengine wanaliogopa. Mtu mzima miaka 3 analea watoto wa kwenye kioo! Hapa Micheweni nina wanafunzi wanatembea saa nzima kuja skuli, na jioni wanaomba kitabu cha kuazima. Huu muda ungekwenda kwao. Sikutukani, nakuomba ulifikirie. Kupotea kwa faili hilo huenda ikawa ni nafasi umepewa.

AsminiKavu
Mwalimu, mwenzako kaomba msaada wa faili.

Mtemani, ukoo wenyewe unaitwaje, na uko kizazi cha ngapi? Pengine uliwahi kuuweka kwenye maktaba ya mchezo, ukatafutwa kwa jina.

Mtemani_77
Kizazi cha saba, au cha nane. Jina sikumbuki sawasawa, ni jina la kwao.

Limbani_Juu
Samahanini, mie siwezi kunyamaza. Nakaa Limbani, hapahapa Wete. Ijumaa usiku tulikuwa barazani tunaangalia mpira mpaka saa 6, na umeme haukupepesa hata mara moja. Pili, mtu amecheza miaka 3 na jina la ukoo wake halijui. Tatu, someni alivyoandika mwanzo, sevu "imechezwa", hakusema "nimecheza". Hii hadithi imetungwa. Watu wanafungua nyuzi za machozi ili wasomwe, na Binti wa watu anakaa kuandika maelekezo marefu bure.

AsminiKavu
Na mie nimeanza kushuku. "Jina la kwao", kwao nani?

Babu_wa_Kikwajuni
Mtaa mmoja unaweza kukatika na mwengine ukawaka, msimhukumu. Ingawa kweli, jina la ukoo…

BintiMkunazini
Mtemani, sijali kama umeme ulikatika au haukukatika. Ila dawa inategemea faili limekufa vipi. Ukinificha hilo unanifunga mikono. Nini kilitokea?

Mtemani_77
Nimekaa saa nzima naandika na kufuta.

Sevu si yangu, ni ya mke wangu. Ana wiki 3 Unguja anamuuguza mama yake Mnazi Mmoja. Laptopu ni yetu wote wawili, mie natungia maswali ya mtihani. Diski ilijaa, ikawa inagoma hata kufungua. Nikaona ile folda nzito, nikaikata nikaibandika kwenye flashi, nikaichomoa hali taa yake bado inawakawaka. Niliporudisha flashi, lile faili kubwa lilikuwa KB 0. Yale matano yalikuwamo mazima. Mwenzangu wa skuli akanambia nakala za ziada ndizo zinazouchanganya mchezo. Nikayafuta, ndipo nikairudisha folda kwenye laptopu.

Umeme nilimwambia yeye, kwa simu. Halafu nikawaambia na nyinyi. Kila usiku akimaliza habari za mama anauliza, "Watu wangu hawajambo?" Yeye anaona ndiyo mapumziko yake. Nilipomwambia umeme umeharibu kitu alinyamaza, kisha akasema basi lala.

Alkhamisi anapanda boti kurudi. Nshakubaliana na fundi Jumatano aifomati laptopu nzima, aifute kila kitu, nimwambie diski imekufa. Najua mtasemaje. Lakini mtu amekesha hospitali wiki 3, kumwambia mumewe ndiye aliyefuta ni kumuongezea mzigo. Diski haina kosa, haimkasirishi mtu.

Mwl_Konde
Subhanallah. Nayafuta yangu ya mwanzo kuhusu mchezo. Lakini mwenzangu, sasa huo uongo wa umeme unaujengea ghorofa.

BintiMkunazini
USIFOMATI. Mpigie fundi sasa hivi!

Mafaili yaliyofutwa kwenye flashi hayapiti kwenye pipa la taka la Windows, ndiyo maana huyaoni. Lakini yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo flashi hiyo usiiwekee chochote tena, hata picha moja. Tafuta Recuva, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, iweke kwenye kompyuta na si kwenye flashi, uiambie itafute kwa kina. Inachokipata kihifadhi kwenye kompyuta. Majina huenda yakarudi yamekatika herufi ya kwanza, hilo lisikutishe.

Kwenye laptopu usitegemee sana. Kama diski yake ni SSD, kilichokatwa humo huwa kimeshafutwa kabisa. Kama ni ile ya zamani inayozunguka, pana tumaini dogo, na kuuweka mchezo upya umelipunguza.

Umeiandikia flashi chochote tangu siku ile?

Mtemani_77
Mtihani wa kidato cha pili, nilipeleka kuchapa. Kama MB 3.

BintiMkunazini
Si nyingi. Na itazame folda ya Tray. Kama aliwahi kuiweka familia kwenye maktaba, utaona mafaili ya .trayitem na .householdbinary. Hayo yanarudisha watu na sura zao, lakini ujirani na udugu na watu wa nje ya nyumba unapotea. Kwa ukoo wa vizazi vinane hiyo iwe njia ya mwisho.

Mtemani_77
Tray mna nyumba tupu 2. Watu hamna. Na laptopu imejaa, hata pa kuyawekea hayo mafaili sina. Pengine niache tu. Fundi nshamtangulizia nusu ya pesa.

Babu_wa_Kikwajuni
Mwanangu, yule bibi harusi sikumalizia habari yake. Nilimwambia jenereta nililiwasha mie nikijua ni bovu. Hakuja dukani siku 2. Siku ya tatu alikuja na daftari, tukakaa yeye na mie na mama yake, tukayaandika majina ya waalikwa upya kwa mkono. Mpaka leo ananisalimia.

Limbani_Juu
Mtemani, nimekukosea, niwie radhi. Nina kompyuta ya mezani yenye nafasi tele, na kwako si mbali. Njoo na flashi baada ya Magharibi.

Mtemani_77
Nimekusamehe, na mie nimewadanganya. Nakuja.

*(Jumanne)*

Mtemani_77
Kwanza ahsanteni. Limbani alikaa na mie mpaka saa 5 usiku, na mkewe katupikia.

Yamerudi matatu kati ya matano. Ver0 limeoza, nadhani mtihani wangu ulikaa juu yake. Tukachukua ver1, tukalipa jina kama alivyosema Binti, ukoo ukafunguka! Watu wote wamo, na nyumba na baraza lake.

Nikatoka nje nikampigia, nikamwambia yote, flashi, kufuta, umeme wa uongo na fundi. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. La umeme limemuuma kuliko faili, kasema tutalizungumza akifika. Halafu akauliza, "Bibi yao yuko hai?" Nikarudi ndani nikatazama. Yuko kibarazani anamwagilia maua. Kumbe alishakufa kwenye sevu ile iliyopotea, na mke wangu alikuwa hajapata moyo wa kuendelea.

Akanambia nizime, nisimguse mtu yeyote mpaka afike.

BintiMkunazini
Alhamdulillah. Sasa kabla hajafika, nakili folda nzima ya The Sims 4. Nakili, usikate.

Mtemani_77
Nshanakili. Moja iko kwa Limbani, moja kwenye kompyuta ya skuli. Flashi nimeiweka kwenye bahasha, nimeiandika jina lake.