Naomba ushauri: Eragon ya PS2, kamera haigeuki

Wadau, diski hii inatakiwa iwekwe kwa watoto kwenye meza ya gemu hapa Kondele, Kisumu. Gemu ilitoka Novemba 2006, mwezi mmoja kabla ya filamu yenyewe, na kwa kweli inasikitisha. Kamera imefungwa. Wachezaji wawili wakiachana hatua chache, mmoja anabanwa pembeni mwa skrini na kupigwa na adui asiyemwona. Si kosa la pedi. Joka, ambalo ndilo kila mtoto analisubiri, linapandwa katika viwango vichache tu vya gemu.

Kuongeza ubora wa picha mara 3 kwenye PCSX2 (programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta) kunanyoosha kingo, basi. Pembe ya kamera imeandikwa ndani ya gemu.

Kuna mwenye faili ya pnach (faili ya PCSX2 ya kurekebisha gemu) ya kupanua mwono? Tafadhali taja namba ya diski: SLES ni ya Ulaya, SLUS ya Marekani, na faili moja haifai zote mbili.

Au tuchukue gemu ya The Lord of the Rings, The Return of the King ya 2003? Kamera yake pia imefungwa, lakini wawili wanacheza pamoja na pointi zinanunua mapigo mapya.