Mrejesho: klaunifishi wenye vidoa vyeupe

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliwauliza kuhusu klaunifishi wangu wawili (samaki wadogo wa mapambo wa maji chumvi) waliozalishwa tangini, waliotokwa na vidoa kama punje za chumvi siku tano baada ya kuwanunua. Kumbe dukani walikuwa wakishiriki maji na samaki waliovuliwa baharini, ambao huweza kuleta vimelea vya ugonjwa huu.

Nilifuata ushauri wa tangi la pembeni, bila mchanga wala matumbawe, na dawa ya shaba siku 30, nikipima kiwango chake majini kila asubuhi. Mdogo alikufa siku ya nne, akihema juu juu karibu na pampu. Nilichelewa, na bado inaniuma. Mkubwa kapona, jana kaninyakulia kipande cha nyama ya kamba vidoleni! Tangi kuu lilikaa siku 76 bila samaki, ili vimelea vife kwa kukosa wa kumshambulia, ndipo nikamrudisha. Vidoa havijarudi. Asanteni sana, hasa mliosisitiza kupima shaba.